Lisemwalo Halikuwapo

Mwezi huu twataka kujifunza jinsi uvumi unavyozaa chuki kati ya majirani, na jinsi habari ya kweli inavyoweza kuiponya. Mfano wetu watoka mji wa Detroit, nchi ya Marekani.

Wakati wa vita kuu ya pili viwanda vya silaha vya mji ule viliwavuta watu wengi, weupe na weusi, hata nyumba zikawa haba. Mwaka 1942 weupe waliwazuia weusi kwa nguvu wasiingie katika nyumba walizojengewa na serikali. Mwanzoni mwa Juni 1943 maelfu ya weupe waligoma katika kiwanda kimoja, kwa kuwa weusi watatu walipandishwa cheo. Basi kuni zilikuwa kavu, zangoja cheche tu.

Cheche iliruka Jumapili, tarehe 20 Juni 1943. Penye daraja la kisiwa cha Belle Isle, mahali pa kupumzikia, ulizuka ugomvi. Usiku ule mtu mmoja alishika chombo cha kupazia sauti katika nyumba ya dansi ya watu weusi, akatangaza ya kuwa weupe wamemtupa mama mweusi na mtoto wake mtoni. Kwa weupe nako ilienea habari ya kuwa weusi wamemtenda vibaya mwanamke mweupe darajani. Zote mbili zilikuwa uongo. Tazameni zilivyofanana! Kila upande ulisadiki juu ya mwenzake ubaya ule ule. Sisi husema, Lisemwalo lipo. Kule lilisemwa, wala halikuwapo. Na watu 34 walikufa, weusi 25 na weupe 9, hata askari wa jeshi wakaja kutuliza mji.

Tarehe 24 Julai mwaka ule ule redio ya CBS ilitangaza barua ya wazi juu ya chuki ya rangi, iliyotungwa na William Robson. Kwa muda wa nusu saa wasikilizaji waliyasikia mambo ya Detroit yakisimuliwa na kuigizwa kwa sauti. Mwisho alinena Wendell Willkie, aliyegombea urais mwaka 1940. Sauti ya kwanza iliwasha moto; sauti hii iliwaonyesha watu jinsi moto ulivyowashwa.

Lee na Humphrey, waalimu wa chuo cha Wayne mjini humo, waliandika kitabu juu ya fujo ile. Waliona ya kuwa weupe na weusi waliokaa jirani kwa jirani hawakupigana, wala wanafunzi waliosoma pamoja. Kwa nini? Amjuaye mtu kwa jina na kwa sauti yake hasadiki upesi kila asingiziwalo.

Hapa ndipo amri ya nane inapotugusa. Katekisimo haitukatazi uongo tu. Yatutaka tumtetee jirani. Siku hizi uvumi hupita katika simu zetu upesi kuliko miguu ya mjumbe. Tukiupokea na kuupeleka mbele, tumekishika chombo kile cha nyumba ya dansi mikononi mwetu.

Maswali ya kujibu pamoja:

1. Ni habari gani mbaya tunayoisadiki juu ya kabila au dini nyingine, nasi hatukuiona kwa macho?

2. Ni nani kati yao tuliyeketi naye, tukamsikiliza akijieleza mwenyewe?