Alama ya ua au M?

Swali: Napiga picha za wadudu na maua madogo ya msituni Usambara kwa kamera ya DSLR. Je, alama ya ua, ile ya picha za karibu, inatosha, au nijifunze kupanga mwenyewe?

Jibu: Jifunze. Katika kamera ndogo za mfukoni alama ile huifanya lenzi itafute fokasi karibu zaidi, na ina faida kweli. Kwenye DSLR haiiongezei lenzi uwezo wowote. Inakuchagulia tu tundu, kasi na flashi, bila kujua kama unataka jicho la panzi au panzi mzima.

Na tofauti hiyo ni kubwa mno. Taswira ya mdudu inapolingana na ukubwa wake halisi kwenye kihisio kikubwa cha milimita 36 kwa 24, tundu la f/4 hukupa takriban nusu milimita ya ukali. F/11 hukupa zaidi kidogo ya milimita moja. Uamuzi kama huo usiiachie kamera.

Kwa mdudu, weka M, yaani kupanga mwenyewe: f/11, 1/200, ISO 400, na flashi iliyofunikwa kitambaa cheupe. Zima fokasi ya otomatiki, kisha sogeza mwili wako polepole mpaka jicho likae sawa. Usikimbilie f/22, mwanga hupinda kwenye tundu dogo na picha nzima hulegea.

Urujuani wa Usambara, ua linaloota kivulini, hauruki. Tumia stendi, ISO 100, taima ya sekunde 2, na usubiri upepo utulie.