Maana ya Neno: KUSITAWI



Hapa Mumbuni watu wakiona mahindi yamekwenda juu upesi husema, "Yamesitawi!" Je, ni kweli? Tupambanue maneno matatu.

KUREFUKA ni kwenda juu tu. Mche uliosongwa na wenzake hurefuka ukitafuta jua, lakini bua lake huwa jembamba.

KUSITAWI ni kukua upesi na kwa afya: majani mapana, bua nene, mizizi iliyoshika. Husemwa pia juu ya biashara na miji.

KUKOMAA ni kumaliza kukua, punje zikawa ngumu.

Sasa angalia. Mahindi ya Katumani, yaliyopatikana katika kituo cha utafiti hapa Machakos, ni mafupi, lakini hukomaa mapema. Mbegu ndefu za nchi za mvua nyingi zaweza kusitawi mwezi wa Novemba, kisha mvua za vuli zikakatika kabla hazijabeba. Shamba lilisifiwa, ghala ni tupu.

Kwa hiyo ukinunua mbegu, usiulize tu, "Yasitawi?" Uliza, "Yakomaa kwa siku ngapi?"

Zoezi: Tazama shamba lako leo. Ni neno gani lilifaalo?