Kutazama Ndege katika Msitu wa Arabuko-Sokoke

Wengi wapitao njia kuu itokayo Mombasa kwenda Malindi huuona msitu mkubwa upande wa kushoto wanapokaribia Gede, wala hawasimami. Huo ndio Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilometa za mraba 420 hivi. Humo wamo viumbe ambao msomaji hawezi kuwaona penginepo ila kwa shida kubwa.

Atakaye kuona ndege yafaa afike alfajiri, kwa kuwa jua likipanda wengi hunyamaza. Avae nguo zisizong'aa, achukue darubini na maji, na afuatane na kiongozi mwenyeji. Ujira wa kiongozi si hasara: yeye humtambua ndege kwa sauti kabla hujaona hata jani likitikisika.

Kosa la wageni ni kutembea mno. Penye miti ya mrihi ndege wa namna nyingi husafiri kwa kundi moja, wakitafuta wadudu vileleni. Ukisikia kelele zao, simama kimya papo hapo. Pengine kati yao yumo mnana wa Clarke, ndege wa rangi ya manjano na nyeusi ambaye hupatikana sehemu hizi za Kilifi tu. Viota vyake havikujulikana na wataalamu mpaka 2013, vilipoonekana katika kinamasi huko Dakatcha, ng'ambo ya mto Sabaki.

Kwenye udongo mwekundu hukaa bundi wa Sokoke, asiyezidi sentimita 18. Bundi kwetu hakaribishwi, lakini huyu mtu husafiri mbali kumwona! Mchana hulala kichakani, chini chini, na rangi yake hufanana na majani makavu. Mtazame kidogo, kisha umwache, akishtushwa huhama.

Tazama na chini pia. Sange mwenye kiuno cha dhahabu hupekua majani kwa pua yake ndefu, na akiogopa hutimka kwa kishindo. Mnyama huyu amepunguzwa sana na mitego, tena na ukataji wa miti ya kujengea na ya makaa.

Wenyeji wanahitaji riziki, na hilo halina ubishi. Kwa hiyo tangu 1993 mradi wa Kipepeo pale Gede hununua kwa wakulima mabuu ya vipepeo waliofugwa kutokana na vipepeo wa msitu huu, na kuyauza ng'ambo. Mgeni atokaye msituni aweza kuingia huko na kuwatazama vipepeo wenyewe.