Wanaotoka Kutuokoa Baharini: Mambo Yanayompasa Abiria Kuyajua

Sehemu kubwa ya kijitabu hiki inahusu huduma ambazo mtumiaji huzilipia na kupewa risiti. Somo hili linahusu huduma isiyouzwa, isiyo na bei ukutani, ambayo kila abiria anaomba asiihitaji: uokoaji baharini. Katika mwambao wetu, wanaofika kwanza kwenye chombo kilichopata ajali mara nyingi si watumishi wanaolipwa kwa kazi hiyo. Ni wavuvi, wenye boti za watalii, wapiga mbizi, na vijana wa diko waliojifunza bahari kwa baba zao. Abiria akielewa namna watu hawa wanavyofanya kazi, na mahali nguvu zao zinapokoma, ataanza kukikagua chombo kwa jicho jingine kabla hajatoa nauli yake.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama kati ya Unguja na Pemba ikiwa imejaa watu. Wavuvi na wenye boti wa Nungwi walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuingia baharini kuwatafuta. Waliwakuta watu wameshikilia magodoro na chochote kingine kilichoelea, na zaidi ya watu 600 walitolewa majini wakiwa hai. Meli hiyo ilikuwa na kibali cha kuchukua abiria wasiofika 700. Tume iliyoundwa baadaye ilikadiria kwamba waliokuwamo walizidi 2,000.

Kwa aliyeko ofisini, tofauti ya namba hizo ni kasoro ya kumbukumbu. Kwa mvuvi aliye ndani ya boti yenye mafuta ya saa tatu, ni swali zito: je, arudi pwani na hawa aliowapata, au bado kuna mtu gizani? Swali hilo hujibiwa na orodha ya abiria. Isipokuwapo orodha, au ikiwa ya uongo, mwokoaji hujibu kwa kubahatisha.

Jambo hilohilo lilijitokeza Ziwa Victoria tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu kabisa na gati la Ukara. Kilikuwa kimeruhusiwa kubeba watu 101, lakini waliokufa peke yao walizidi 220. Mashine ya tiketi ilizama pamoja na kivuko, na kwa hiyo hesabu ya waliokuwamo haikuweza kupatikana kwa kuitazama. Siku mbili baadaye fundi mmoja alikutwa hai ndani ya chombo kilichopinduka, mahali palipokuwa pamebaki hewa. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba nakala ya orodha ibaki nchi kavu. Orodha inayosafiri na chombo huzama nacho.

Kwa nini dakika zina thamani

Mtu anapoanguka baharini habaki pale alipoangukia. Mkondo humchukua, upepo humsukuma, na kila dakika inayopita huongeza ukubwa wa mahali pa kumtafuta. Tuchukue mfano mwepesi. Tuseme aliyezama anaweza kuwa amesogea maili moja ya baharini kwa saa, kuelekea upande usiojulikana. Baada ya saa moja, eneo la kumtafuta ni takriban maili za mraba 3. Baada ya saa nne, ni takriban maili za mraba 50. Muda umeongezeka mara nne, bahari ya kupekuliwa imeongezeka mara kumi na sita. Na kinachotafutwa ni kichwa cha binadamu, kitu ambacho katikati ya mawimbi hakionekani kikubwa kuliko nazi.

Hapa ndipo elimu ya wavuvi inapokuwa na thamani isiyopatikana kwenye ramani. Wao wanajua kwamba mkondo mkuu wa mwambao wetu huelekea kaskazini na kwamba wakati wa kusi huenda kwa nguvu zaidi. Wanajua maji yanapotoka na yanapojaa humpeleka wapi mtu katika mlango wa kijiji chao, na ni miamba gani hukusanya vitu vinavyoelea. Kituo cha uratibu wa utafutaji na uokoaji kinaweza kuwa na redio na ndege. Bado kitamhitaji mtu wa kukiambia tuanzie wapi.

Kwa hiyo taarifa ya mapema na iliyo sahihi ndiyo msaada mkubwa kuliko wote ambao mtu wa kawaida anaweza kumpa mwokoaji. Kwenye chombo chenye redio ya baharini, nahodha huita kwenye chaneli ya 16. Aliye nchi kavu apige 112, namba ya dharura, au 114, ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kisha amwarifu sheha au mwenyekiti wa kijiji, mkuu wa diko, au viongozi wa kikundi cha wavuvi wanaosimamia ufukwe. Vikundi hivi, maarufu kwa jina la BMU kwa upande wa Bara, viliundwa kwa ajili ya kulinda rasilimali za uvuvi. Hata hivyo, mashua isiporudi, milango yao ndiyo hugongwa kwanza, kwa sababu wao ndio wenye boti na ndio wanaojua nani yuko baharini.

Mpigaji simu aseme kwanza mahali, kisha idadi ya watu, kisha aina na rangi ya chombo, saa kilipoondoka na kilikokuwa kikienda. Mahali hutangulia kwa makusudi: simu ikikatika baada ya sentensi moja, sentensi hiyo iwe imebeba jambo la lazima. Baada ya hapo asiitumie simu yake kuwapasha habari jamaa. Atapigiwa tena.

Tuone kidogo wenzetu walivyofika mbali katika jambo hili. Nchini Uingereza na Ireland, taasisi ya RNLI imekuwa ikiendesha boti za uokoaji tangu mwaka 1824. Ina vituo zaidi ya 230, hutegemea michango ya watu, na mabaharia wake wengi ni wa kujitolea: waashi, walimu, wauza duka, wavuvi. Lakini mabaharia hao hawakimbilii majini kila mmoja kwa wakati wake. Uingereza, simu ya dharura hupokelewa na walinzi wa pwani wa serikali, nao ndio huomba boti ishushwe. Tunaona huo ndio ufundi mkubwa wa mpango wao, kuliko hata boti zenyewe: anayepokea habari ni mmoja, na wanaotoka wanajua nani ametoka na anatafuta upande gani. Kwetu ujasiri haujawahi kupungua. Kinachopungua ni uratibu, na mara nyingi boti tano huenda kupekua maji yaleyale.

Je, aliyeokolewa anadaiwa?

Swali hili huulizwa kwa aibu, lakini linaulizwa. Mkataba wa Kimataifa wa Uokoaji Baharini wa mwaka 1989 unaweka kanuni kwamba watu waliookolewa maisha yao hawadaiwi ujira, ingawa unaziachia sheria za kila nchi nafasi yake katika jambo hilo. Mali ni habari nyingine. Mwenye chombo kilichookolewa au kuvutwa mpaka bandarini anaweza kudaiwa ujira, na hayo ni mapatano kati yake na aliyemsaidia. Abiria hana sehemu katika deni hilo, na mwenye chombo asimgawie. Akitozwa pesa kabla ya kupandishwa kwenye boti ya uokoaji, au akiongezewa “nauli ya kuokolewa”, apeleke malalamiko kwa mamlaka inayosimamia usafiri wa majini: TASAC kwa Tanzania Bara, na Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa Zanzibar.

Pamoja na hayo, msomaji ajue uokoaji unamgharimu nini mtu wa kujitolea. Amekata nyavu zake au ameziacha baharini. Amepoteza samaki wa siku ile. Amechoma petroli aliyoinunua kwa mkopo, na pengine amerudi na injini iliyoingia maji ya chumvi. Kumchangia mafuta baadaye, kwa hiari, ni uungwana, na haugeuki kuwa deni kwa sababu tu ni wa haki.

Kabla ya kulipa nauli

Mwokoaji hawezi kurekebisha kile ambacho abiria alikikubali gatini. Unapokodi boti ya kwenda kisiwani au kununua tiketi ya meli, hakikisha jina lako limeandikwa na uone linaandikwa wapi. Hesabu majaketi ya kuokolea, si kwa kuulizwa “yapo?” na kujibiwa “yapo”, bali kwa macho. Yawe mahali pa kufikiwa kwa mkono, si chini ya magunia wala ndani ya kabati lililofungwa kwa kufuli. Jaketi lililochanika, lililokatika mikanda au lililolowa na kuwa zito halihesabiwi. La mtoto ni la mtoto: jaketi la mtu mzima likivalishwa mtoto, maji hulipandisha likamtoka kichwani, na kwa hiyo la mtoto huwa na mkanda unaopita kati ya miguu. Kwenye boti ndogo livae kabla boti haijaondoka, maana kulivaa ukiwa majini, na nguo zimelowa, ni kazi inayowashinda hata mabaharia.

Filimbi iliyofungwa kwenye jaketi ni kitu cha bei ndogo, nasi tunashangaa kwamba wauzaji wengi hawaiweki. Sauti ya mtu aliyechoka haifiki mbali. Filimbi hufika, na usiku ndiyo inayomwelekeza mvuvi.

Chombo kikizidisha watu, una haki ya kushuka na kudai nauli yako. Tunajua si rahisi. Ni jioni, wageni wanakusubiri, na chombo kingine ni kesho. Lakini chombo kilichokaa chini mno majini hakihitaji dhoruba. Wimbi la kawaida linakitosha. Na kikikaribia gati, kaa mpaka kamba ifungwe. Watu wengi wakisimama na kuhamia upande mmoja kwa pupa ya kushuka, hukilaza chombo ambacho kilikuwa kimevuka salama.

Mpaka waokoaji wafike

Chombo cha mbao kilichopinduka kwa kawaida huendelea kuelea. Kaa nacho, ukishikilie, hata kama pwani inaonekana karibu. Umbali wa baharini hudanganya, na mwokoaji huona chombo mapema kuliko aonavyo kichwa. Ukiwa huna cha kushika, lala chali, nyanyua kidevu, tandaza mikono, na uache pumzi itulie kabla ya kujaribu jambo lolote. Watu wenye majaketi wakumbatiane katika duara, watoto wakiwa katikati. Bahari yetu ni ya joto, lakini si ya joto kama mwili, na maji hunyang’anya joto la mwili haraka sana kuliko hewa. Anayekaa humo usiku kucha hudhoofika.

Boti ya mwokoaji ikija, usiiogelee kutokea nyuma, kwenye rafadha. Ngoja uelekezwe. Walio hai wote wakiparamia upande mmoja, boti ya pili itapinduka juu ya ya kwanza, na jambo hilo ndilo ambalo waokoaji huliogopa kuliko mawimbi.

Uliye ufukweni ukimwona mtu anazama, usimrukie ikiwa hujafunzwa. Mtu anayezama humkamata amwokoaye na kumzamisha. Piga kelele, mrushie kamba, ubao, au dumu tupu la lita 20 lililofungwa kizibo sawasawa. Dumu hilo linaweza kumweka mtu juu ya maji. Akitolewa akiwa hapumui, usimninginize kichwa chini wala kumkamua tumbo ili maji yatoke, desturi ambayo bado tunaiona na ambayo hupoteza dakika zenyewe. Mlaze chali, inua kidevu, mbane pua, mpulizie pumzi tano mdomoni, kisha mkandamize katikati ya kifua mara 30 na kumpulizia mara mbili, na kuendelea hivyo. Hata akizinduka na kusema yuko sawa, apelekwe hospitali.

Kujua kuelea si jambo la wavuvi wa kiume tu. Huko Nungwi, mradi wa Panje umewafundisha wasichana na wanawake kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya staha, na tungependa kuona kila shehia ya pwani ikifanya hivyo.

Kabla ya kuondoka, mwachie mtu mmoja wa nchi kavu habari tatu: jina la chombo, saa ya kuondoka, na saa unayotarajia kufika. Mkubaliane saa ambayo, asipokusikia, atatoa taarifa. Na ukifika, mpigie mara moja, hata kama umechoka na chaji ni kidogo, kwa sababu asipopata habari zako, vijana wa diko watasukuma boti majini kukutafuta.