Mtoto Anyonyaye Kila Saa, na Neno la "Maziwa Hayamtoshi"

Katika maneno yasemwayo upesi katika nyumba zetu ni hili la "maziwa hayamtoshi". Husemwa na nani? Mara nyingi si mwenye ziwa. Husemwa na mavyaa, au na jirani aliyekuja kumtazama mtoto, au na baba aliyekosa usingizi na kesho ana kazi. Mtoto ana wiki tatu. Amenyonya magharibi, amenyonya tena kabla ya isha, amelala robo saa, ameamka akilia na kulitafuta ziwa tena. Basi hukumu hutolewa pale pale bila ya shahidi: maziwa hayamtoshi, na atumwe mtu dukani akanunue kopo.

Twataka kuitazama hukumu hiyo, kwani mara nyingi hutolewa juu ya mama asiye na kosa, na mwenye kuilipa ni mtoto.

Kila msomaji wetu aijua aya ya 233 ya Suratul Baqara ihusuyo kunyonyesha. Imetaja miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza, ikataja kwamba chakula na mavazi ya mama ni juu ya baba kwa wema, na kwamba kumwachisha mtoto kabla ya muda huo huwa kwa ridhaa na mashauri ya wote wawili. Hiyo miaka miwili twaitaja sana. Hayo mashauri twayapita mbio. Tutayarudia.

Kwanza tujue maziwa yatengenezwavyo. Ziwa si mtungi ujazwao asubuhi ukatekwa mpaka ukaisha. Mtoto anyonyapo, ubongo wa mama hutoa homoni mbili: prolaktini, ambayo huamrisha maziwa yatengenezwe, na oksitosini, ambayo huyasukuma yatoke. Ziwa linyonywalo mara nyingi hutengeneza zaidi. Liachwalo limejaa hupunguza kazi yake lenyewe. Kwa hivyo yule mtoto anyonyaye kila saa hatoi ushahidi kwamba maziwa yamekwisha. Anaagiza ya kesho. Na kwa kuwa prolaktini huwa nyingi zaidi usiku, kunyonya kwa usiku, kunakolalamikiwa sana, kuna faida kubwa katika jambo hili.

Siku mbili tatu za mwanzo mama hutoa dang'a, yale maziwa mazito ya rangi ya manjano. Ni machache, na tumbo la mtoto nalo ni dogo. Yana kinga ya maradhi ambayo hakuna kopo liwezalo kuitia. Wako bado wayakamuao na kuyamwaga wakisema ni machafu. Hilo ni kosa, wala hatuoni haja ya kulizungusha maneno. Maziwa mengi huja baina ya siku ya pili na ya nne, na katika siku hizo mtoto hupungua uzani kidogo, kisha huurudia ule wa kuzaliwa kwa muda wa kama wiki mbili. Asiyejua jambo hili huona mtoto amenywea, akafunga safari ya dukani.

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa usiku na mchana, na wengine huzidi. Wataalamu wa Perth, Australia, walitangaza mwaka 2006 vipimo vya watoto 71 wa umri wa mwezi 1 hadi 6, wote wakinyonya kwa mama zao tu, kila mmoja kwa kiasi atakacho. Wapo walionyonya mara 6 kwa siku na wapo walionyonya mara 18. Wastani ulikuwa 11. Tena, kwa wastani, walitoa kama theluthi mbili tu ya maziwa yaliyokuwamo, wakaacha yaliyobaki. Mwenye mtoto wa mara 6 asimcheke mwenye mtoto wa mara 18.

Tena mtoto hagawanyi saa zake sawasawa kama sisi na chakula cha mchana na cha jioni. Wengi hukusanya kunyonya kwao jioni, mara juu ya mara, kisha wakalala usingizi mrefu kidogo. Zipo pia siku ambazo hamu huwazidi, mathalani katika wiki ya tatu na ya sita. Siku mbili tatu akinyonya sana, maziwa huongezeka, naye hutulia. Lakini ni katika siku hizo hizo kopo hufunguliwa.

Na kilio je? Daktari Brazelton wa Marekani alieleza mwaka 1962 khabari za watoto 80 wazima wasio na ugonjwa. Walipokuwa na wiki mbili walilia kama saa moja na dakika 45 kwa siku. Katika wiki ya sita kilio kikafika karibu saa mbili na dakika 45. Baada ya hapo kikapungua. Msomaji na ahesabu: wiki ya sita ni siku ya arubaini na kitu. Yaani wakati ule ule mzazi atokapo arubaini, wasaidizi wakarejea makwao, naye akaanza kupika na kufua, ndipo mtoto huzidi kulia. Tukasema ana chango, tukasema ana kijicho, tukasema maziwa yamekauka. Wala kilio si dalili ya kwanza ya njaa. Mtoto mwenye njaa huanza kugeuza kichwa akitafuta, hulamba midomo, hunyonya ngumi. Kulia huja mwisho, na aliyekwisha kulia sana hata kulishika ziwa humwia vigumu.

Sasa kopo limekuja. Mtoto ameshiba, amelala saa tatu, na nyumba imeshukuru. Lakini katika saa hizo tatu ziwa halikunyonywa, likapunguza kazi. Kesho maziwa ni machache kweli, kopo likaongezwa, na baada ya majuma machache maziwa yamekatika. Mavyaa husema, "Sikuwaambia?" Naye hakusema uwongo kwa alionalo, ila ugonjwa umeletwa na dawa.

Na maji huzidisha madhara. Maziwa ya mama, sehemu yake kubwa, karibu 87 katika 100, ni maji. Hata katika jua letu la kaskazi mtoto aliye chini ya miezi sita hahitaji maji mengine, wala maji ya sukari. Asali asipewe kabisa mpaka atimize mwaka mmoja, kwa sababu ya sumu iwezayo kuzalika tumboni mwake. Chupa isiyochemshwa vizuri huleta kuhara, na kopo lipunguzwalo unga ili lifike mwisho wa mwezi huleta utapiamlo. Daktari Cicely Williams aliyapigia kelele mambo haya Singapore mwaka 1939. Mwaka 1981 mataifa yakakubaliana kanuni za kuzuia uuzaji wa hila wa maziwa hayo, na Kenya ikatunga sheria yake mwaka 2012.

Mtu atauliza: basi nitajuaje kama yanamtosha? Tazama nepi, usitazame saa. Baada ya siku ya tano, mtoto akojoaye mara sita au zaidi kwa siku, mkojo mweupe, na choo chake cha manjano, ameshiba. Mpeleke kliniki akapimwe. Mizani haina upendeleo kwa mavyaa wala kwa mkaza mwana.

Hatusemi kwamba kila mama ana maziwa tele. Wapo wachache wenye upungufu wa kweli, na wengi zaidi ambao mtoto hakushika vizuri: ameshika chuchu tu badala ya kujaza kinywa, na mama huumia. Hilo hurekebishwa na muuguzi au mkunga ajuaye. Mtoto alalaye mno asiamke kunyonya, mwenye mkojo mchache wa rangi nzito, mwenye homa, au ambaye manjano ya macho na ngozi yanazidi, huyo hospitali siku hiyo hiyo. Na daktari akiamua mtoto aongezewe maziwa ya kopo, yaongezwe, wala mama asisimangwe. Masimango yenyewe huzuia ile oksitosini, maziwa yakachelewa kutoka hali yamo.

Hapa ndipo turudipo kwa baba na yale mashauri. Kazi yake haikwishi kwa kununua. Mkewe akiwa amekaa tangu magharibi mtoto kifuani, maji ya kunywa na chakula vimfuate pale alipo, watoto wakubwa walazwe na mtu mwingine, na mgeni mwenye hukumu ya haraka ajibiwe kwa upole na baba mwenyewe, asiachiwe mzazi. Na kabla mtu hajatumwa dukani usiku, wakae wawili wahesabu nepi za siku ile.