Dondoo muhimu: Intaneti ikikatika, barua pepe zisipotee

Shule au zahanati ya Kibosho, Marangu au Rombo inaweza kuendesha seva yake ya barua pepe hata kama intaneti huja na kuondoka, mradi foleni yake ipangwe vizuri.

Barua zinazotoka ni rahisi. Kwenye Postfix, programu ya seva ya barua pepe, andika *defer_transports = smtp*; barua zitakaa kwenye diski. Laini ikirudi, amri *sendmail -q* huzisukuma zote.

Kazi iko kwenye zinazoingia. Seva nyingi za watumaji hujaribu kwa siku 4 hadi 5, kisha humrudishia mtumaji barua yake. Masika nguzo ikianguka, siku hizo hazitoshi! Tafuta seva isiyozimwa, Moshi mjini au Dar es Salaam, ikupokelee na kukutunzia. Mwombe msimamizi wake aongeze *maximal_queue_lifetime* kutoka siku 5 hadi 14.

Mwenye anwani ya IP ya kudumu ataziita kwa ETRN, amri iliyotoka mwaka 1996. Ukitumia laini ya simu, kwa kawaida seva ya nje haiwezi kukufikia. Barua ziwekwe kwenye kisanduku huko, uzivute kwa programu ya *fetchmail*.

Kila asubuhi, andika *mailq* uone kilichokwama.