Nyasi Nyekundu za Kamina: Je, Zinawafaa Ng'ombe?

SWALI: Mfugaji wa Kamina, Haut-Lomami, anauliza: nyasi ndefu zinazochipua upya kila mwaka baada ya moto wa kiangazi, zenye masuke ya rangi ya kutu, ni za aina gani? Zina faida kwa ng'ombe?

JIBU: Yaelekea ni Hyparrhenia rufa, nyasi ya asili ya Afrika inayoota kwa vichaka na kupita kimo cha mtu. Atazame suke kwa karibu. Vijitawi vyake hukaa viwili viwili mithili ya herufi V, vikiwa na vinyweleo vyekundu na sharubu zilizojisokota. Suke jeupe, laini, lisilo na matawi? Hiyo ni Imperata cylindrica, lishe duni.

Thamani ya Hyparrhenia rufa hutegemea umri. Mvua zikianza, machipukizi huliwa kwa hamu. Hata Brazil, ilikopelekwa na kuitwa jaraguá, ilienea kwenye malisho makubwa. Ikishatoa maua, mashina hukakamaa na protini yaweza kushuka chini ya asilimia 7, kiwango ambacho chini yake vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe hushindwa kusaga nyuzi vizuri. Hapo huwafaa zaidi waezekaji.

Basi alishe kipande kwa kipande kabla ya maua, akipumzishe kila kimoja, na kiangazi awaongezee ng'ombe majani ya mikunde.